Vifaranga Mia Mbili na Mabaibui ya Nasreen

Mhariri aliinua gazeti juu, akasoma kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza mabegi ng'ambo ya Mtaa wa Narung'ombe:

“‘Wataalamu waonya: vumbi la vifaranga ndani ya nyumba si la kuchezea!’”

Jina lake hasa ni Uledi, mstaafu wa bandarini. Cheo cha Mhariri alipewa kijiweni kwa sababu habari ikipita mdomoni mwake hutoka ndefu kuliko ilivyoingia. Leo hakuhitaji kuongeza kitu. Sadalla ndiyo kwanza alikuwa anavuka barabara, nyusi nyeupe, mabega meupe, utadhani katoka kusaga sembe.

“Shikamoo, Mhariri.”

“Marahaba. Tulikuwa tunakusoma hapa. Ukurasa wa saba.”

Awadhi, muuza kahawa, akacheka mpaka birika likayumba mkononi. Huyu anaitwa Daktari, kwa vile hakuna ugonjwa asioutibu kwa kikombe cha kahawa chungu.

“Oya, Bosi Kuku, kaa mbali kidogo na birika langu. Wateja watadhani siku hizi natia maziwa.”

Sadalla akaketi kwenye benchi, na vumbi likaketi naye. Siku nyingine angejibu palepale. Yeye ni winga wa vitenge, kazi yake kuwavuta wateja barabarani awapeleke madukani, na mdomo wake haujawahi kuomba likizo. Leo ulikuwa mzito.

“Nasreen kanipa mpaka Alhamisi,” akasema. “Vumbi liishe, la sivyo anahamia kwa dada yake Buguruni na cherehani yake.”

“Yeye na cherehani?”

“Cherehani itatangulia. Yeye nyuma.”

Utani ukapoa kidogo. Mabaibui anayoshona Nasreen, mkewe, yanajulikana. Wanawake wanayafuata Magomeni kutoka mbali. Ila nyumbani kwao ni vyumba viwili vya kupanga, na tangu Sadalla aingize vifaranga mia mbili sebuleni, wiki ya tatu sasa, vumbi limekuwa mpangaji wa tatu. Juzi mteja kaja kuchukua baibui lake jeusi, kalikuta la kijivu.

“Akasemaje?” Mhariri akauliza, kalamu karibu aitoe mfukoni.

“Akauliza limeshonwa au limefukuliwa.”

“Duh! Na wewe ukafanyaje?”

“Nikawasha feni, ili litoke nje.”

“Likatoka?”

“Likazunguka sebule mara tatu, likaingia chumbani. Mabaibui kumi na moja yametundikwa ukutani, Daktari! Kumi na moja!”

Daktari ikabidi aweke birika chini. Mhariri akajifuta machozi kwa ukurasa wa michezo.

“Mwanangu, hiyo siyo feni, hiyo posta! Umemtumia mkeo vumbi mpaka kitandani!”

“Mi nakupa dozi,” akasema Daktari. “Waogeshe. Kifaranga akilowa, vumbi atalitoa wapi?”

“Si watakufa na baridi!”

“Basi na vumbi litakuwa limeisha.”

“Wavishe barakoa,” Mhariri akadakia.

“Mia mbili? Nani atashona?”

“Mkeo si fundi?”

Sadalla alitaka kucheka, kicheko kikakataa. Kitu ambacho hakuwaambia ni kikohozi. Siku hizi Nasreen akiinamia cherehani anakohoa, na akikohoa anageukia ukutani ili mumewe asimwone. Hilo ndilo lililomtoa nyumbani mapema, kuliko hata hayo mabaibui.

Pembeni ya benchi, Victoria alikuwa anageuza maandazi kwenye mafuta. Wenyewe wanamwita Spika, maana yeye ndiye anayefunga mijadala. Akamtazama Sadalla.

“Kaka Sadalla, hao vifaranga umewatandikia nini?”

“Unga wa mbao, wa kwa seremala.”

“Ule laini?”

“Laini kama poda, dada Viki. Nimewachagulia ule mzuri kabisa.”

Victoria akaacha maandazi. “Yaani umewamwagia poda, wana miguu mia nne ya kuchakura, halafu unalaumu feni?”

Benchi zima likamgeukia. Victoria amefuga vifaranga miaka mitatu kwenye chumba kimoja, na safari hii hakuwa anatania.

“Sikiliza. Wahamishie kwenye maboksi, huo unga uunyunyizie maji kidogo utulie, ndiyo uuzoe. Usifagie kukavu. Tandika maranda, yale mapana yanayojikunja. Yakilowa, toa hapohapo, wasije wakaugua. Chakula usikimwage kutoka juu kama kokoto, inama. Meza na sakafu futa kwa kitambaa kibichi kila siku. Dirisha la sebule liwe wazi, mlango wa chumbani ufungwe, na chini yake uzibe kwa tambara. Na pua yako ifunge kitambaa, una mapafu mawili tu.”

“Na feni?”

“Mpe Daktari apozee kahawa.”

Sadalla akaondoka bila kumaliza kikombe. Siku tatu hakuonekana kijiweni. Mhariri akatangaza kwamba kahamia uhamishoni Jangwani na vifaranga wake.

Ijumaa asubuhi akatokea, shati safi, nyusi nyeusi.

“Huyu kijana mtoto wa nani?” Mhariri akauliza.

“Cherehani iko wapi?” Victoria hakutaka maneno mengi.

“Ipo nyumbani.” Sadalla akapokea kahawa. “Jana kanifanyia mtihani. Kapitisha kidole kwenye meza, kwenye tivii, mpaka juu ya fremu ya picha ya harusi. Halafu katundika baibui jipya sebuleni kutwa nzima. Jioni akalikung'uta dirishani, mimi nimesimama kama mtuhumiwa. Hakikutoka kitu.”

“Akasema nini?”

“Kavuta kigoda, kakaa karibu na vifaranga mpaka chai ikampoea. Kumbe hajawahi kuwaona vizuri, kila siku alikuwa anapita mbio. Na hakukohoa, jamani. Labda mara moja tu.” Akanywa funda. “Mmoja kampa jina. Kasema huyo hauzwi wala hachinjwi, atazeekea mlemle ndani.”

“Jina gani?”

Sadalla akaangalia kikombe.

“Sadalla.”

“Weee! Mapenzi hayo!” Victoria akapiga makofi.

“Hata mimi nilidhani hivyo, dada Viki. Nikamuuliza kwa nini. Kasema kati ya wote mia mbili, huyo ndiye anayetimua vumbi kuliko wenzake, halafu anasimama pembeni anashangaa limetoka wapi.”