Jogoo wa Mwalimu Lazarus na Hotuba Yangu ya Kurasa Arobaini

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Shirere. Siku ya sitini na tatu tangu chuo kikuu kifungwe na sisi, dhamiri ya taifa, turudishwe kwa shangazi zetu.

Kamati ya harambee imekutana leo katika stoo ya zamani ya mahindi, mle ambamo Mwalimu Muhonja huwafundisha watoto thelathini na mmoja kupiga ngoma za isukuti, kucheza, na kuchora kwa mkaa juu ya karatasi za mifuko ya simiti. Hali ni hii: mwenye stoo amechoka kungoja kodi. Asipopata shilingi elfu sita kufikia Jumamosi jioni, ataweka mashine ya kusaga unga, na watoto watoke na ngoma zao. Muhonja alieleza haya kwa sauti ndogo, amepakata ngoma iliyopasuka ngozi kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa. Nikaapa moyoni kwamba stoo ile haitasaga kitu ila minyororo ya ujinga!

Nikasimama. Nikapendekeza harambee nzima iwe hotuba yangu, "Sanaa kama Nyundo ya Umma", kurasa arobaini. Kimya. Kimya cha watu wanaotafakari, nilidhani. Kisha Mwalimu Lazarus, huyu mwalimu wa shule ya msingi mwenye tai moja na vichekesho vitatu, ambaye huitwa popote wilayani panapouzwa kitu kwa mnada, akasema kwa upole kwamba hotuba ni nzuri sana, ila watu wetu hutoa pesa kwa jogoo.

Jogoo! Niandike hapa, ili vizazi vijavyo vijue tulitoka wapi. Lazarus ana jogoo mweupe ambaye humpeleka kila harambee. Mtu humnunua kwa vigelegele, hulipa, kisha humrudisha auzwe tena. Wa pili naye humrudisha. Hivyo hivyo hadi mifuko ikauke, na jogoo hurudi nyumbani bila kupungukiwa hata unyoya. Ameezeka makanisa mawili. Amejenga nusu ya zahanati. Nawajua madiwani wenye historia duni kuliko yake.

Kura zikapigwa. Lazarus: mwendesha mnada. Muhonja: mweka hazina. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Fasihi na Sayansi ya Siasa: mtunza jogoo. Eti kwa kuwa Lazarus anakwenda matangani hadi Jumamosi, na ua wa shangazi yangu Milcah una uzio mzuri. Nimepewa pia dakika tano za "neno la vijana".

Dakika tano! Nyundo haiinuliwi kwa dakika tano.

Jumanne, 3 Agosti

Nimezunguka na kadi za mchango. Taabu tupu. Sokoni nilimweleza Mama Chepng'etich, muuza mitumba, jinsi soko linavyomtenga mtu na roho yake. Dakika ishirini, bila kurudia neno. Akaniuliza kama nataka shati. Nikasema sitaki. Akasema basi nitoke mbele ya meza, kwa maana nimemzibia wateja watatu, na mmoja alikuwa na pesa mkononi.

Mtaani Shieywe, Sylvanus mwenye bucha alinisikiliza hadi mwisho huku akifuta kisu. Nikaona macho yake yamelegea. Fikra zimemwingia! Akauliza kama shangazi anajua nimetoka. Kisha akanipa shilingi kumi, akasisitiza kwamba si za harambee. Ni za mimi kwenda kusimama kwa jirani yake.

Nimeziandika hata hivyo. Mchango wa kwanza.

Jioni, wazo. Mgeni rasmi wetu ni Mzee Nehemiah, mkulima wa Lumakanda mwenye ekari za mahindi zisizohesabika na mawazo yanayohesabika kwa urahisi. Nani hupanga ratiba? Kamati. Kamati humwogopa nani? Mgeni rasmi. Naye atakuwa mjini Alhamisi kununua vipuri vya trekta. Nitamkaribisha nyumbani. Nitamteka kwa hoja. Ataamuru mwenyewe kwamba mnada ufutwe na hotuba ishike nafasi yake. Masikini Lazarus! Atarudi matangani kwa mara ya pili.

Jumatano, 4 Agosti

Mzee Nehemiah amekubali mwaliko. Jogoo amewika mara kumi na nne nikiwa ukurasa wa tisa. Ana sauti ya mtu aliyezoea kupigiwa makofi. Nimemfunga kamba mguuni, kwenye nguzo ya jikoni, ajifunze unyenyekevu.

Alhamisi, 5 Agosti

Siku nyeusi. Naandika kwa mkono wenye mafuta kidogo.

Asubuhi nilikuwa naisoma hotuba kwa sauti chumbani. Shangazi akachungulia mlangoni, akauliza mgeni wa leo ni mtu wa namna gani. Nikamwambia ni mtu mzito, aheshimiwe kikamilifu. Akauliza tena, je, ni huyu aliyefungwa kamba? Mimi nilikuwa katikati ya ukurasa wa kumi na sita, mahali panapotakiwa mkono upae juu na kushuka kwa nguvu kama panga. Mkono ukapaa. Ukashuka. Shangazi akasema sawa, akaenda zake.

Mzee Nehemiah akafika saa saba, mtu mpana, mwenye kofia na subira. Meza ikajaa. Obusuma, ugali wetu wa wimbi, mboga, na ingokho, kuku mzima, iliyochemshwa taratibu hadi mchuzi ukawa na rangi ya dhahabu. Lazima nikiri, sijapata kula kuku wa namna ile. Nilimsifu mara mbili.

Nikaanza hoja zangu. Mzee alikuwa akitikisa kichwa vizuri. Nilipofika kwenye tabaka na upendeleo, nikatafuta mfano ulio karibu, na mfano ulikuwa mbele yangu: juu ya sahani ya mgeni, peke yake, imekaa kama mfalme, firigisi. Imondo! Kipande ambacho katika nyumba zetu huwekewa mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote mezani, na wengine huambulia kukitazama. Nikauliza, kwa nini nyama iwe na cheo? Nani aliyeitawaza? Na ili hoja isibaki hewani, nikainyanyua, nikaila.

Ilikuwa laini.

Shangazi akaweka bakuli chini, akajifunika uso kwa kanga. Mzee Nehemiah alipatazama pale mahali patupu kwa muda mrefu, kisha akaomba maji ya kunawa. Alikuwa hajafika hata nusu ya obusuma. Akasema amekumbuka kwamba Jumamosi ana magunia ya kupima huko Lumakanda, hivyo harambee haitawezekana. Mlangoni alimshika shangazi mkono akamwambia, kwa masikitiko makubwa, kwamba kijana huyu amesomeshwa kweli.

Nilifarijika kwa sifa hiyo. Nikatoka uani kupunga hewa. Nikaiona kamba.

Kamba tu.

Nilimwuliza shangazi ilikuwaje. Akasema aliniuliza, nami nikampa ishara kama ya mtu anayechinja. Akaongeza kwamba mgeni mkubwa haondoki kwa shangazi Milcah kwa mboga tu, wala yeye hajali jogoo ameezeka makanisa mangapi.

Ijumaa, 6 Agosti

Sikulala. Mgeni rasmi amejitoa. Jogoo amejitoa zaidi.

Mtu mdogo angeungama. Mimi nimefikiri. Mvua ya Kakamega mwezi wa Agosti haibahatishi. Huripoti kazini saa tisa alasiri kama karani. Harambee inaanza saa saba, nje ya stoo, pasipo hema. Mnada ni wa mwisho kwenye ratiba. Basi, mtu akisimama saa saba akanena bila kukoma hadi saa tisa, mvua itawatawanya watu kabla Lazarus hajaulizia jogoo wake! Nimejipima kwa saa ya shangazi: kurasa arobaini, pamoja na ishara za mikono, ni saa mbili kamili.

Na pesa za Muhonja? Nimelitazama jambo hilo pia. Umma utakaosikia ukurasa wa thelathini na tatu hautahitaji mnada. Utamimina mifuko yake wenyewe.

Nikaenda stoo. Nikamwarifu Muhonja kwamba mgeni rasmi hatakuja, hivyo muda wake nitaujaza mimi, tena mwanzoni. Alikaa juu ya ngoma. Watoto wakaacha kucheza wakamtazama. Akasema basi tumebaki na jogoo tu, na akaniuliza kama yu mzima. Nikamjibu kwamba jogoo yuko karibu nami kuliko anavyodhani.

Si uongo!

Jumamosi, 7 Agosti

Nitajaribu kuandika kwa utulivu. Mambo makubwa huandikwa kwa utulivu.

Saa saba. Umati mzuri. Watoto wamevaa njuga, Muhonja amevaa gauni lake la kanisani, mwenye stoo amekaa mbele kabisa na fundi wa mashine ya kusaga, wakipima ukuta kwa macho. Lazarus amefika kutoka matangani, tai shingoni. Nikapanda juu ya kreti ya soda kabla hajanifikia.

Ukurasa wa kwanza: wasikivu. Ukurasa wa tano: watoto wamelala. Ukurasa wa kumi na moja: Sylvanus wa bucha amelala, na huyo si mtoto. Mbingu zikaanza kugeuka kijivu upande wa msituni. Moyo ukanidunda kwa matumaini! Lazarus alipita nyuma yangu mara tatu akininong'oneza jogoo yuko wapi, jogoo yuko wapi, Wangila. Nikapandisha sauti.

Ukurasa wa kumi na tisa, akaacha kuniuliza mimi. Akamwuliza shangazi. Na shangazi Milcah, ambaye hajui kunong'ona, akamjibu mbele ya Shirere nzima kwamba jogoo alichinjiwa Mzee Nehemiah siku ya Alhamisi, na imondo akaila Wangila.

Hebu niseme ukweli: sijapata kusikia kelele kama ile hata siku ya kufungwa chuo. Watu hawakujali sana jogoo. Imondo! Wazee walisimama. Akina mama walipiga makofi ya mshangao. Mtu akauliza kama niliila mgeni akiwapo. Shangazi akasema akiwapo, akitazama. Lazarus alivua tai. Muhonja alimtazama mwenye stoo, na mwenye stoo akamtazama fundi, na fundi akatoa futi mfukoni.

Wakati kama huo kiongozi hanyamazi. Nikafungua ukurasa wa ishirini.

Hapo Mama Chepng'etich akasimama na kushika kiuno. "Huyu anaongeanga mpaka lini? Mwalimu, natoa hamsini akae chini!"

Vicheko. Lakini Lazarus! Nilimwona akigeuka polepole, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Akafunga tai upya. Akapanda kando yangu juu ya kreti, akanishika bega, akatangaza kwamba hamsini zimetolewa kijana anyamaze. Je, kuna anayetaka aendelee?

Sylvanus akaamka. Mia moja, aendelee! Niliguswa hadi machozi. Fikra zilikuwa zimemwingia kweli! Nikasoma mistari mitatu. Mama Chepng'etich akaja na mia na hamsini, ninyamaze. Sylvanus mia mbili, niendelee, huku akimcheka yule mama. Kila aliyelipa, pesa zilimwagwa katika beseni la Muhonja, nami nikafungwa au kufunguliwa kama bomba la maji. Makanisa mawili yakashindana. Wachuuzi wa soko wakachanga wakanifunga. Makondakta wa stendi wakachanga wakanifungua. Ukurasa wa ishirini nimeusoma mara sita sasa, na nautetea.

Saa tisa kasorobo, pikapu ikasimama. Mzee Nehemiah! Ameshindwa kukaa nyumbani, akasema. Magunia yamepimwa, na habari amezipata njiani. Akauliza bei imefika wapi. Akaambiwa. Akauliza beseni limepungukiwa ngapi. Muhonja akahesabu, akasema elfu mbili na mia nne. Mzee akatoa elfu tatu, noti kwa noti, kwa sharti moja: Wangila asifungue kinywa hadi Jumatatu asubuhi.

Nikataka kujibu. Umma wote ukaweka kidole mdomoni.

Muhonja alimkabidhi mwenye stoo pesa zake palepale, na fundi akarudisha futi mfukoni. Watoto wakaruka na isukuti zao, hata ile iliyopasuka. Mvua ikanyesha saa tisa kamili. Hakuna aliyeondoka.

Jumapili, 8 Agosti

Kimya, kwa mujibu wa mkataba. Shangazi anasema haijawahi kutokea Jumapili nzuri kama hii, na ameniongezea chai.

Nimetumia siku kufanya hesabu. Jogoo wa Lazarus, katika siku yake bora kabisa, alileta elfu mbili. Mimi, kwa kurasa ishirini tu, elfu sita na mia sita! Je, historia ya wilaya hii ina neno lililowahi kuuzwa kwa bei hiyo? Wenye wivu watasema watu walilipia kimya changu. Lakini nani hulipa ghali kunyamazisha jambo lisilo na nguvu? Serikali ilifunga chuo kizima kwa sababu hiyohiyo.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimefungua kinywa saa kumi na mbili na dakika moja asubuhi. Shangazi alikuwa ameshatoka.

Lazarus amekuja, mpole kabisa. Nilijitayarisha kumlipa jogoo wake. Akakataa, akasema hasara imefidiwa. Kisha akanieleza kwamba mwezi ujao kuna harambee ya kanisa Lumakanda, na mwishoni mwa mwezi huohuo nyingine, ya kisima, na kote huko wameulizia habari zangu. Wananitaka nikahutubie. Hawajali mada. Hatimaye! Nilimkumbusha kwamba Jumatatu iliyopita alinipa dakika tano. Akaomba radhi, akasema hakujua alichokuwa nacho.

Ameniomba jambo moja tu, nisiende mbali na nyumbani hadi siku hiyo. Amemwachia shangazi debe la mahindi kwa ajili yangu. Kabla ya kuondoka alisimama uani kidogo, akakagua uzio.

Niko ukurasa wa arobaini na moja.