Malalamiko Kuhusu Mvinyo Mweupe na Pua ya Mke Wangu

Kwa Meneja wa Hoteli,

Kuhusu: Madhara ya mvinyo mweupe wa Kitaliano ndani ya nyumba yangu

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta salama, umekaa vizuri kwenye kiti nilichokutengenezea kwa mikono yangu. Mimi ndiye yule fundi makochi aliyebadilisha vitambaa vya viti vyote vya ukumbi wako wa chakula. Vilevile ni mume wa mwoka mikate wako wa miaka kumi na minne. Naandika kwa heshima zote, na kwa uchungu ambao nitajitahidi usichafue karatasi.

Ili tusije tukasingiziana, naanza na tukio lenyewe. Jumatatu ile alasiri uliwakusanya wahudumu ukumbini wafundishwe na mtaalamu wa mvinyo, yule bwana wa tai ya kipepeo ambaye jikoni wanamwita Bwana Pua. Mimi nilikuwa chini ya meza ya tisa, misumari mdomoni, namalizia kiti. Kwa ukarimu wako nami nikapewa glasi. Nikatema misumari, nikapokea. Laiti ningeendelea na misumari.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jina. Kitu kinaitwa mvinyo mweupe, kumbe ni wa njano kama mafuta ya kupikia. Unaitwa mkavu, nao ulinilowesha mpaka kola ya shati. Bwana Pua alifafanua kwamba ukavu maana yake ni kukosa sukari. Vizuri sana. Basi chai ya nyumbani kwangu kila mwisho wa mwezi ni chai kavu, na sijawahi kumwita mtaalamu aje aisifu.

2. Adabu. Mvinyo ule, tuliambiwa, ulizeeshwa miaka kumi na miwili huko kwao. Watu wazima waliusubiri miaka yote hiyo, ukasafirishwa, ukafunguliwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi, halafu kila aliyeonja akautema kwenye ndoo. Mimi peke yangu, niliyelelewa vizuri, nilimeza. Nikaambiwa nimekosea.

3. Ukweli. Bwana Pua aliuliza tunasikia nini. Mhudumu wako mkuu alisema anasikia ladha ya ng'ambo. Mwenzake alisema, "Mzuri sana, mkuu," kabla hajaonja. Mimi nikasema siki. Hapo ndipo mke wangu alipoingia na sinia la mkate, na yule bwana, kwa mzaha tu, akampa glasi.

Naomba hapa usome polepole. Alinusa kwa muda ambao mimi ningepigilia misumari sita. Akasema, "Nta ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Lozi. Na ganda la limau lililosahauliwa juu ya friji." Akaonja. Akasema, "Hauna sukari, lakini hauna hasira." Bwana Pua, mzaha umemwisha, akamwuliza anadhani una umri gani. Akajibu, "Miaka siijui. Ila huyu amekaa muda mrefu bila kuongea na mtu."

Yule bwana aliweka kalamu chini, akavua miwani. Wewe ukapiga makofi. Nakuuliza, Ndugu Meneja: ulikuwa unampigia makofi mke wa nani?

4. Chakula. Kabla ya siku ile mke wangu alikuwa akinywa chai yangu na kusema asante. Sasa anaizungusha kwanza kwenye kikombe, anatazama dirishani, kisha ananiarifu kwamba mwanzo wake ni mzuri ila mwisho unakatika ghafla. Mchuzi wa dada yangu aliuambia una kelele nyingi katikati. Wifi yake huyo amenuna, hajakanyaga kwetu wiki ya tatu sasa. Sisemi kwamba hilo ni hasara, lakini kanuni ni kanuni.

5. Riziki. Hakimu alikuja karakanani kuchukua kochi lake. Nilikuwa nimeweka sponji ya zamani chini ya mpya, jambo dogo la kitaalamu ambalo kila fundi analijua na hakuna anayelitaja. Mke wangu alikuwa amepita kuniletea chakula. Akainama, akavuta pumzi mara moja, akasema kwa upole wote wa duniani, "Mbona ndani humu mna nyumba ya watu wengine?"

Hakimu akanitazama kwa macho ya kazini. Nililifumua kochi zima mbele yake, jasho likinitiririka, nikaanza upya. Tangu siku hiyo wateja wanauliza kwanza kama mama amelipitisha kochi ndipo walichukue. Wanaongezeka kila wiki, jambo linalonichosha sana.

6. Safari. Sasa nafika penye kidonda. Umemwandikia barua kwamba atakwenda Italia miezi mitatu, kwenye shamba la mizabibu ulikotoka mvinyo ule, ajifunze, kisha arudi awe msimamizi wa mvinyo wote wa hoteli. Hongera kwa wazo. Mtu ana oveni yake, inamjua na anaijua, wewe unampandisha ndege akanuse mapipa.

Miezi mitatu, Ndugu Meneja. Watoto wameshaoa na kuolewa. Nyumba ile ina vyumba viwili na redio moja. Jioni nitaongea na nani? Kwa vipimo vyenu vya mvinyo, akirudi atanikuta nimezeeka vizuri mno.

Kwa hiyo naomba: safari ifutwe, mke wangu arudishwe kwenye mikate, na Bwana Pua atoe tamko la maandishi kwamba kile kilikuwa siki. Yasipofanyika haya, sitasita kuandika barua nyingine, ndefu kuliko hii.

Nisalimie wapishi wote, waosha vyombo, mlinzi wa geti la nyuma na mhudumu wako mkuu, aendelee kuonja ng'ambo. Mhasibu naye msalimie, ingawa hatusalimiani.

Ni mimi, mwenye malalamiko na nyundo,
Fundi Makochi

Tanbihi: Ile fomu ya safari iliyokuja na barua yako nimeijaza mimi, maana yeye akiwa na furaha mwandiko wake hausomeki. Pale walipouliza kama mume ana pingamizi, nimeandika hapana, kwa herufi kubwa. Tafadhali mkatieni tiketi ya ndege ya asubuhi, na apate kiti cha dirishani. Picha mbili za pasipoti zimo humu kwenye bahasha. Nilimpeleka studio mwenyewe, na mpiga picha alimkataza mara nne kucheka. Zilitoka tatu. Ninyi mnahitaji mbili.