Koti la Shehe wa Mvua

Mwaka wa tatu bila mvua, Guleed aliingia Burao na viatu vilivyopasuka, akautazama mji, akajua hapa kuna riziki. Wafugaji walikuwa wanakufa njaa huko nyikani, na sisi wa mjini, ndugu zao wa damu, bado tulikuwa tunakula wali kwa nyama kila mchana. Tulikuwa na aibu. Na Guleed akimwona mtu mwenye aibu, mate humtoka.

Alianzia dukani kwangu. Mimi ni fundi cherehani, na sehemu yangu naieleza mapema kabla hamjaisikia kwa wengine.

"Fundi, nishonee koti refu la kishehe," alisema. "Nje kitambaa cha maana. Ndani weka chochote, mradi unipunguzie bei. Nani atamgeuza shehe?"

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Tangu utoto nimesali sala ya mvua, na kila mara imamu hugeuza joho lake, la ndani likawa nje, nasi tukageuza nguo zetu, ili Mungu naye atugeuzie hali. Shehe gani asiyelijua hilo? Lakini akili yangu ilikuwa kwenye faida. Nikatia bitana ya gunia tupu la unga wa msaada, na maandishi yake makubwa yote, nikajiona mjanja kuliko mafundi wote wa Burao.

Wiki haikuisha, mji mzima ukawa unamwita Shehe wa Mvua. Alisimama mnadani akalia machozi ya kweli, sijui aliyatoa wapi.

"Ndugu zangu, mnawaombea wenye njaa huku mnacheua! Dua hiyo itapanda vipi? Toeni mbuzi kwanza, niwafikishie, ndipo Ijumaa tusali."

Mimi nilitoa beberu. Nililia pia, tena kwa sauti, ili majirani wasikie.

Ebla, muuza chai wa mlango wa pili, alitoa mbuzi wake wa pekee wa maziwa.

"Mama yangu yuko nyikani, kwenye kisima cha El-Bahay, na wajukuu wanne," alimwambia. "Mfikishie yeye kwanza, shehe. Asipopata maziwa mwezi huu, sitamkuta."

"Nitamkabidhi kwa mkono wangu, binti yangu," Guleed alisema, na kumpapasa mbuzi kiwele kama mnunuzi. Hilo nalo nililiona, nikanyamaza.

Ijumaa asubuhi tulitoka wote hadi uwanja wa nje ya mji, wanaume mbele, wanawake nyuma. Lori lenye mbuzi thelathini na mmoja lilisubiri pembeni. Guleed alipewa nafasi safu ya kwanza, kati yangu na Mzee Warsame, mmoja wa wazee wa mji. Imamu alimaliza hotuba, akaelekea kibla, akageuza joho lake. Uwanja mzima ukaanza kuvua.

"Kwani kuna joto?" Guleed aliniuliza kwa kunong'ona.

Mimi nilikuwa nimeshakumbuka gunia langu. "Usigeuze," nilimwambia, jasho likinitiririka. "Nakusihi, usigeuze!"

"Geuza koti, shehe," alisema Mzee Warsame. "Ni sala ya mvua hii."

"Nina mafua, mzee."

"Basi tukusaidie." Na watu wema wawili wakamsaidia, wakamvua na kumvika tena kwa heshima zote.

Kisha nyuma, upande wa wanawake, Ebla akasoma mgongo wa shehe kwa sauti: "Msaada kwa waliokumbwa na njaa. Hauuzwi."

Mungu anisamehe, hata imamu alicheka.

Ebla hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwenye lori. "Dereva, umeambiwa uwapeleke wapi mbuzi hawa?"

"Berbera, dada. Bandarini. Kuna meli inasubiri."

Guleed alitimua mbio, lakini koti lile nililishona refu mno. Lilimwangusha hatua ya tano. Ndiyo kazi nzuri pekee niliyoifanya mwaka ule.

Wazee walikaa papo hapo. Wengine walitaka apigwe. Ebla akasema, "Amepigwa muhuri, ni msaada. Msaada upelekwe kwa wenyewe." Ikaamuliwa aende El-Bahay na mbuzi wote, awatekee wenye njaa maji kisimani, ndoo kwa ndoo, mpaka siku mvua itakaponyesha. Mimi nilihukumiwa kushona mahema arobaini ya bure na kuyapeleka mwenyewe.

Nilipofika, mama yake Ebla alinikaribisha maziwa. Alikuwa amekonda, lakini yuko hai, na mjukuu mdogo alikuwa amelalia kiwele cha mbuzi yule. Nilimrudishia maziwa yake.

Guleed nilimkuta kando ya kisima, viganja vimechubuka, koti mgongoni limegeuzwa bado. Alikuwa amepiga magoti anaomba mvua. Burao nzima tulikuwa tumeomba kwa miaka mitatu, lakini sikuwahi kusikia dua ya moyo namna ile. Alilia machozi ya kweli, na safari hii nilijua anayatoa wapi.

Alipomaliza, alininong'oneza, "Fundi, huko ulikotoka, umeona hata kawingu?"