Isale kwa Mjerumani

Jumatatu, 8 Desemba 2003
Leo nimeapa. Kabla ya Krismasi jina langu litakuwa kwenye orodha ya watengenezaji wa Korongo. Korongo ni mfumo wa kuendesha kompyuta. Ni wa bure, na yeyote duniani anaruhusiwa kuurekebisha, mradi amshawishi Uwe, Mjerumani anayeshika orodha. Wenseslaus yumo! Wenseslaus huyu wa intaneti kafe ya mjini, aliyesahihisha neno moja tu la Kiswahili. Moja! Mimi nimempelekea Uwe marekebisho mara nane, na mara nane amekataa. Krismasi kaka Godwin anapanda huku Uru, Kilimanjaro, kutoka Dar na swali lake la kila mwaka: Primus siku hizi anafanya kazi gani? Mwaka jana Mama alimjibu kwamba namsaidia kulisha ng'ombe. Iliniuma mpaka nyama ikanishinda.

Jumanne, 9 Desemba
Uwe kaandika. La tisa nalo kalikataa. Anasema rekebisho langu la printa linaonekana halijawahi kujaribiwa kwenye kompyuta yoyote. Kweli tupu. Nililiandika kwenye daftari. Sina kompyuta! Huku juu naijua moja tu, ya ofisi ya parokia. Mama Mektrida, katibu, huifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Nina mpango.

Alhamisi, 11 Desemba
Nimeingia! Nilimwambia Mama Mektrida nakuja kuipangusa kompyuta vumbi. Akaniamini, akaenda zake kukata majani ya ng'ombe. Nikachomeka diski yangu, nikaweka Korongo. Ikaniuliza kama kweli nataka kufuta kila kitu kilichomo. Nikajibu ndiyo, mwanaume hasiti. Printa ikaunguruma, ikatema karatasi tupu kumi na nne, ikanyamaza. Karibu ushindi.
Saa tisa Mama Mektrida akarudi, akauliza nyimbo zake ziko wapi. Nyimbo gani? Loo! Kitabu cha kwaya cha Krismasi, nyimbo arobaini na tatu, kazi ya miaka miwili, maana anachapa kwa vidole viwili. Makaratasi ya mwanzo alishawashia jiko. Hakunifokea. Alikaa, akakikunja kitambaa chake, akalia. Afadhali angenichapa.

Jumamosi, 13 Desemba
Habari zimemfikia Mama. Aliingia kihambani, kwenye migomba yetu, akakata jani la isale, akalifunga fundo, akanikokota mpaka kwa Mama Mektrida. Kwetu Wachagga ukiletewa isale huna ujanja, unasamehe. Nilipiga magoti na kumwamkia shikamoo mara mbili kwa woga. Akalipokea. Akasema amenisamehe kwa moyo wote, ila isale haliimbi. Jumanne saa mbili asubuhi niwe mbele ya kompyuta.
Njiani kurudi nikapata wazo. Kumbe silaha ninayo siku zote, inaota nyuma ya zizi!

Jumatatu, 15 Desemba
Nimekata isale, nimefunga fundo, nimeteremka mjini. Wenseslaus kalipiga picha kwa skana huku anacheka mpaka kashika meza. Acha acheke. Nimemtumia Uwe picha, pamoja na rekebisho langu la kumi na maelezo kamili kwamba kwa mila hawezi tena kukataa.

Alhamisi, 18 Desemba
Siku ya tatu nachapa. Mfumo wa zamani kaurudisha Wenseslaus, huku anapiga mluzi. Kwaya inakuja ofisini kwa zamu, inaimba polepole, mimi naandika. Mzee Antoni wa besi hakumbuki maneno, anakumbuka kuunguruma tu. Ubeti mmoja wa wimbo wa wachungaji umezua ugomvi, wanawake wakasusa wakaondoka. Baadaye wakarudi na sufuria la mtori wa ndizi. Mama Mektrida kanipakulia bakuli kubwa kuliko la Mzee Antoni. Nampenda sana mama huyu, na kila akinitazama naona aibu upya.

Jumatatu, 22 Desemba
Kitabu kimekwisha! Nyimbo zote arobaini na tatu.
Uwe kajibu. Anashukuru kwa jani, zuri sana, na anauliza linamwagiliwa mara ngapi kwa wiki. Rekebisho amelikataa. Jamani! Kuna watu hawakulelewa.

Alhamisi, 25 Desemba
Krismasi. Nyama, pombe ya mbege, watoto kila pembe. Godwin akauliza swali lake. Kabla sijafumbua mdomo, Mama akatoa kitabu cha nyimbo mkobani, akasoma ukurasa wa mwisho kwa sauti: Kimechapwa na Primus. Mama Mektrida kaliweka jina langu bila kuniambia! Godwin akasoma mwenyewe, mara mbili. Akanishika bega, akasema kumbe mdogo wake ana kazi, tena ya maana. Nikatoka nje kulia kidogo.
Sasa ni saa tisa mchana. Godwin kalala usingizi wa mbege. Kompyuta yake mpya ya kukunja, ya ofisini kwao, iko mezani peke yake. Korongo haijawahi kujaribiwa kwenye mashine nzuri namna hii. Safari hii Uwe atakosa la kusema!
Isale la Godwin nimeshalikata na fundo nimefunga. Naweka diski.