Ombi la Kutozwa Ada ya Binti Yangu Demetria

Mtoni, Barabara ya Kilwa,
Septemba 1973.

Kwa Afisa Anayesomesha Watoto wa Watu Bure,
Wizarani.

Ndugu Afisa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na kama umenizidi umri, shikamoo. Mie ni Leonardi Apolinari, mchonga vinyago. Hii ni barua yangu ya kwanza tangu nizaliwe. Mpaka mwaka jana nilikuwa natia dole gumba, ila sasa nimehitimu kisomo cha watu wazima. Barua hii itapitiwa na Mwalimu Auleria, ambaye asubuhi hufundisha sekondari na jioni hutufundisha sie wazee. Ukikuta kosa, ni langu. Ukikuta koma, ni yake.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KUSOMESHEWA MTOTO BURE

Binti yangu Demetria yupo Chuo Kikuu mwaka wa mwisho, anasomea ualimu. Serikali inalipa kila kitu. Nimevumilia miaka miwili, sasa basi.

1. Mmeniaibisha barazani. Jirani yangu Jamali, fundi nguo, aliuza cherehani ili mwanawe asome chuo cha kulipia. Kila jioni kwenye kahawa cherehani hiyo inauzwa upya. Watu wanampa pole, wanamwongezea kashata. Mie nikiulizwa niliuza nini, najibu sikuuza kitu. Wananitazama kama mtu aliyeokota binti msomi njiani! Kashata sipati.

2. Nilijiandaa kuteseka, na maandalizi yangu yamekwenda bure. Demetria alipofika darasa la saba nilitafuta gogo la mpingo. Nikachonga, mwaka baada ya mwaka, watu kumi na wanane waliobebana, ili niuze nilipe ada ya Chuo. Nilimaliza wiki ileile mliyotuandikia kwamba ada hakuna. Kinyago kama hicho nikiuze kwa ajili ya sukari? Moyo umekataa. Sasa hao kumi na wanane wanaishi chumbani kwetu. Mke wangu Sesilia ameshajigonga goti mara nne, na anawaita wapangaji.

3. Mmemdekeza. Godoro lenu, shuka zenu, sabuni yenu, na yai kila asubuhi. Yai! Jumapili moja alikuja nyumbani akamuuliza mama yake, kwa nia njema kabisa, kama mayai yamekwisha. Yamekwisha! Kwani yalianza lini? Zamani, akiwa sekondari ya bweni, alikuwa anakuja kila wiki: leo daftari, kesho kalamu, keshokutwa viatu. Nilikuwa nanung'unika, Mungu anisamehe. Mtoto asiyeomba kitu haji nyumbani, Ndugu Afisa. Siku hizi anakuja mara moja kwa mwezi, tena sie ndio tunaopewa sabuni.

4. Hili ndilo lenyewe. Amesaini mkataba kwamba akimaliza ataitumikia serikali miaka mitano, popote atakapopangiwa. Hilo neno popote nimelisoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Nyie mnahesabu tangu mlipoanza kumlipia. Mie nahesabu tangu kifaduro, nilipombeba mgongoni hadi zahanati, mvua inanyesha, yeye anakohoa shingoni kwangu. Sina mtoto mwingine. Na sikuulizwa.

Kwa hiyo naomba nitozwe ada. Yoyote ile. Mkikosa kiwango chukueni kinyago, mje na lori na watu sita wenye nguvu. Nikishalipa nitakuwa na haki ya kusema, nami nitasema Demetria apangiwe hapahapa Temeke, shule ambayo kengele yake naisikia nikiwa nachonga. Kama huko mbali hakuna walimu, wanafunzi wa mbali waletwe Mtoni. Nafasi ipo. Uwanja wa Jamali unatosha wilaya nzima, tukiondoa mbuzi. Wakizidi, wengine wavushwe Kigamboni.

Nisalimie wote hapo ofisini: karani, mpiga chapa, mpika chai. Na yule aliyeandika popote naye msalimie, ila kidogo tu.

Wako katika ujenzi wa taifa, shingo upande,

Leonardi Apolinari.

N.B. Mwalimu Auleria ameisoma barua hii. Alicheka mpaka namba tatu. Alipofika namba nne akaweka koma moja, akanirudishia bila kunitazama. Nikamuuliza kulikoni. Kumbe naye alisomeshwa bure, akasaini mkataba huohuo, na Mtoni ndiko alikopangiwa. Kwao ni Karagwe. Baba yake hajamtia machoni mwaka wa tatu huu. Na mie muda wote namwita mwanangu, sijawahi hata kumuuliza ni mwana wa nani! Nimeona haya. Angebakizwa karibu na baba yake, leo ningekuandikia kwa dole gumba.

Basi nafuta namba moja mpaka nne. Mpelekeni Demetria popote. Kinyago nakiuza wiki hii, iwe nauli ya kwenda kumwona huko mtakakompeleka. Nakuomba sana, Ndugu Afisa, hiyo nauli msinilipie.