Baragumu la Wayrapunku

Jumatatu, 5 Mei
Ubaldo, tajiri wetu wa misafara, ametangaza: msimu huu njia ya juu inapewa kiongozi mmoja tu wa watalii. Mimi au Basilia. Basilia! Anatembea kama anafukuzwa na radi, na bado wageni wanampenda. Leo kanikuta sokoni, mbele ya watu. "Eleuterio, kweli mgeni wako alisinzia magofuni ukiwa unaeleza, au ni uzushi?" Wauza viazi wakacheka hadi kushika mbavu.
Si uzushi. Lakini alikuwa mzee.
Nina mpango.

Jumanne, 6 Mei
Mpango ni shemeji yangu Casiano. Ana mapafu ya ng'ombe, na baragumu la kombe alilorithi kwa babu yake. Atatangulia Wayrapunku, yale magofu ya juu kabisa, ajifiche nyuma ya ukuta wa mashariki. Nikivua kofia, apulize. Wageni watadhani Wainka wenyewe, waliojenga pale, wamewasalimu. Casiano akauliza, na wenyewe wakisikia je? Nikamwambia, shemeji, wale wamekufa zamani, hawana muda na wewe. Kaondoka ananung'unika. Hana moyo wa biashara.

Alhamisi, 8 Mei
Mafanikio! Tumefika mchana, ukungu unapanda kutoka bondeni. Wageni wangu ni mume na mke Wajerumani, na mwalimu Zoraida wa Lima, anayehoji watu kama polisi. Kwenye jiwe la mlangoni wapagazi huwaachia wenye mahali majani ya koka na kupita kimya. Yangu nilikuwa nimeyatafuna yote njiani. Nikapita hivyo hivyo. Nikavua kofia.
Sauti ikaja. Mungu wangu, sauti gani! Nzito, ndefu, ikaingilia nyayoni ikapanda hadi kwenye meno. Mjerumani alilia kama mtoto. Wapagazi walikaa chini wote kwa pamoja.
Kasoro ndogo: ilitoka magharibi, kwenye korongo, ambako hakuna pa kuweka mguu. Na haikukatika hata kidogo ili mtu avute pumzi. Casiano kazidi kipimo. Nitamsifu.

Ijumaa, 9 Mei
Sitamsifu.
Tumeshuka kwenye mvua. Zoraida nyuma yangu, akauliza yule mpagazi wa mwisho kabisa ni nani, mbona hasemi na mtu. Nikajibu bila kugeuka: shemeji yangu, ana haya. Akauliza, mbona poncho aliyojitanda haijalowa? Nikasema ni poncho nzuri.
Tukafika kwa Mama Nicasia, mfugaji wa lama anayekaa chini ya mlima. Casiano alikuwa jikoni kwake, shavu limevimba kama kiazi. Jino. Yuko hapo tangu juzi, hakupanda kabisa. Baragumu mfukoni, limefungwa kwenye soksi.
Nikageuka. Njia tupu. Ila nyasi za kando yake zilikuwa zinalala, hapa, kisha hapa, kisha karibu zaidi, kama chini ya mguu. Zikaacha kulala hatua moja kutoka mlangoni. Mama Nicasia akatoka taratibu, akaweka majani ya koka kizingitini, akazungumza kwa upole na pale pasipo na mtu. Nyasi zikainuka. Kisha akanigeukia mimi, na upole ukaisha: "Mwanangu, umeingia kwa watu bila hodi, halafu ukawaita kwa kofia?"
Supu yake ilikuwa nzuri. Niliinywa macho yakiwa mlangoni.

Jumamosi, 10 Mei
Nimeshinda. Wajerumani wamemjaza Ubaldo sifa, na njia ya juu ni yangu msimu mzima. Wayrapunku kila wiki!
Nikakimbia kwa Basilia, nikampa njia kama zawadi, kwa hiari yangu kabisa. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akafunga mlango nusu, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye huacha majani pale, hupita kimya, na wala hajawahi kusikia kitu. "Wewe ndiye ulisalimia, ndugu yangu. Kaa na wageni wako."
Hakusema wageni gani.

Jumapili, 11 Mei
Kanisani. Nimewasha mshumaa na kuapa mbele ya Mama Maria: ulaghai basi. Nilijisikia mwepesi, karibu nilie.
Kutoka tu, Ubaldo yuko uwanjani na Waholanzi, anawaeleza habari za baragumu. Akauliza, Eleuterio, kuna nini kingine huko juu? Nikausikia mdomo wangu ukisema: kwenye ziwa la huko juu, ukungu ukishuka, kuna mwanamke anachana nywele. Waholanzi wakashikana mikono kwa furaha.
Hakuna mwanamke kama huyo. Nimemtunga pale pale, mkate wa komunyo ukiwa bado mdomoni. Kesho napanda ziwani kutafuta jiwe la kumkalisha Casiano. Anakataa katakata. Nimemwambia, shemeji, safari hii hupulizi kitu. Ni nywele tu.