Nilivyokwama Kwenye Kihenge cha Mkwe

Wenzangu, leo nimepatikana. Sogezeni vigoda mkae, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nikianza sitaki kukatishwa. Mwili wote unawasha. Mpunga umeingia mahali ambapo mpunga hauna kazi.

Nyie mlikuwa mnadani Majimoto tangu asubuhi, na najua huko njiani mmeshasimuliwa. Mmesimuliwa uongo. Ukweli ninao mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa ndani.

Mnakumbuka ile hadithi yangu ya Mzee Baiskeli. Yule tajiri aliyekutwa amekufa nyumbani kwake, mlango umefungwa kwa komeo kwa ndani, dirisha hakuna, ukuta mzima, bati zima. Nani kamuua, na katokea wapi? Tangu tuanze kupura mpunga wa kijiji nawapa watu hiyo hadithi kidogo kidogo pale uwanjani, na kila siku nawaacha pabaya ili kesho warudi.

Kazi hii inachosha, jamani. Watu wanafikiri mtunzi anafungua tu mdomo. Nikienda kisimani naulizwa. Nikichuma mboga naulizwa. Juzi niko kwenye mstari wa kuungama, nafikiria dhambi zangu, mtu ananigusa bega. Nageuka, mwanamke mzima ananinong'oneza, "Ni mke mdogo, eti?" Halafu ukimwambia hapana ananuna, anataka iwe mke mdogo. Mwingine hanisalimii mpaka leo kwa sababu mlinzi wa kwenye hadithi anachechemea, na mume wake anachechemea. (Sikumfikiria mume wake. Au nilimfikiria kidogo tu.)

Lakini raha zake zipo, sitaficha. Uwanjani napewa kivuli. Nikisimulia, wenzangu wananipuria fungu langu. Na mwalimu wa kisomo cha watu wazima ameniita mtunzi mbele za watu, akaniambia niziandike. Mimi! Jina langu tu nikianza kuliandika kivuli kiko huku, nikimaliza kimeshahamia kule.

Sasa shida yangu ni Felista. Felista tumekua wote, tumecheza wote, tumeolewa mwaka mmoja, na hajawahi kukubali kitu nilichosema. Mwaka jana hadithi yangu niliimaliza kwa jini, nikasema jini kapita ukutani. Felista akasimama, akajikung'uta kanga, akasema, "Jini ni uvivu wa mtunzi." Akaondoka. Na watu wakamfuata! Wakahamia kwa mwenyekiti kusikiliza redio. Msimu mzima nikawa nawasimulia kuku.

Kwa hiyo mwaka huu niliapa. Jini hapana. Muuaji ni mtu, na kajificha kama mtu. Mwisho nilikuwa nao, mzuri kweli, nilikuwa naulalia kama kuku na yai lake. Na jana niliwaahidi wote kwamba leo mchana ndiyo leo.

Asubuhi nimeamka roho hainipi. Pale nilipomficha muuaji, mtu mzima anaenea kweli? Felista ataniuliza hilo, namjua. Nikasema, Vero, usibahatishe. Nenda ujaribu.

Kihenge changu cha kuwekea mpunga mnakijua. Kamebaki kadogo, hata paka anaingia kwa adabu. Kihenge kikubwa kiko kwa binti yangu Yustina, kimesukwa kwa fito, kimekandikwa vizuri, kimesimama pembeni chumbani, mdomo wake unanifika kifuani.

Na hapo ndipo matatizo. Kwa Yustina ndiko kwa mkwe wangu.

Zamani, kabla hatujahamishwa kuja kwenye kijiji cha ujamaa, kukaa kwa mistari, mkwe alikuwa ng'ambo ya mto, tunaonana msibani na harusini, basi. Waliogawa viwanja hawakuuliza nani mkwe wa nani. Wakanipanga naangaliana naye mlango kwa mlango. Nikitaka kwenda chooni nachungulia kwanza. Yeye akiniona anapitia nyuma ya mahindi. Jina lake silitaji, mnajua. Mwaka wa pili tunaishi hivyo, kwa heshima na kwa kukimbiana.

Basi, nimechungulia. Yustina yuko kisimani. Mkwe yuko shamba la kijiji. Mlango umewekewa kijiti tu. Nikaingia.

Nikageuza kinu, nikapanda juu. Nikafikiri, huyu muuaji kavaa koti, hawezi kuingia na koti, lazima kalivua. Na mimi nikavua kanga zangu zote mbili nikaziweka chini, nikabaki na shimizi. (Ile ya zamani. Ndiyo, yenye kiraka.) Nikaingiza mguu mmoja, nikaingiza wa pili, nikajiachia. Mpunga ulikuwa umefika magotini. Nikachuchumaa, nikavuta ule ungo wanaofunikia, giza.

Anaenea! Jamani nilifurahi. Nilicheka peke yangu humo ndani. Nikamwona Felista anavyokosa la kusema.

Nimekaa kidogo nikifurahi, halafu nikasema haya, tutoke.

Nikisimama, mpunga unanimeza. Nikikanyaga hapa, unakimbilia kule. Nikajivuta kwa mikono, mabega yakapita, lakini hapa katikati, hapa nilipozalia watoto wote wale, pakakataa. Na shimizi ikanasa kwenye fito. Nikirudi chini inachanika, nikipanda juu inachanika. Nikarudi chini nipumzike.

Ndipo nikasikia jembe linaegemezwa ukutani.

Mkwe.

Na hakuwa peke yake, alikuwa na Petro, yule wa mgambo, wamepita kunywa maji. Nikabana pumzi. Mpunga ukaserereka kidogo, shwaa. Mkwe akasema kuna panya kwenye kihenge. Petro akasema panya wa mwaka huu ni wakubwa. Mkwe akachukua fimbo akakipiga kihenge hapa ubavuni, mara ya kwanza, mara ya pili. Nilizaa mapacha sikulia, nitalia kwa fimbo ya panya?

Lakini vumbi, wenzangu. Lile vumbi la mpunga. Nikapiga chafya, ungo ukaruka.

Petro akapiga yowe la mwizi. Mnajua tulivyokaa kwa mistari, yowe moja wanasikia wote. Kabla halijaisha tayari nasikia miguu. Mkwe akasimama karibu, fimbo juu, akasema kwa sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia.

"Nani humo?"

"Mimi."

"Mimi nani? Toka!"

"Mama yake Yustina."

Fimbo ikaanguka. Nikasikia mtu anakimbia, anajigonga kwenye mlango, anatoka. Halafu huko nje, nyuma ya ukuta, sauti ndogo kabisa ikasema:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za shamba?"

"Nzuri. Mama, kuna kitu ulikuwa unahitaji?"

Kabla sijajibu, watu wakaingia.

Wakajaa. Wamekuja na mapanga, wamekuja na michi. Nikatoa kichwa, maana kujificha kumeshakwisha, na wa kwanza kumwona ni nani? Felista. Akaniangalia. Akaangalia kanga zangu pale chini. Akaniangalia tena. Akauliza taratibu kama nimekuja kuchota mpunga wa mwanangu.

Wengine wakacheka. Lakini kule mlangoni likaanza kunong'onwa neno lingine, na hilo halichekeshi. Nyie mnalijua. Bibi kizee kukutwa peke yake kwenye nyumba ya watu, amevua nguo, amesimama ndani ya chakula chao, hilo neno haliko mbali. Nikaona mama mmoja anamvuta mtoto wake nyuma. Mtoto ambaye juzi nimemkuna mgongo.

Yustina akafika na ndoo yake kichwani. Hakuitua. Maji yanamwagika usoni, sijui ni maji sijui ni machozi.

"Mama, waambie ulikuwa unafanya nini. Mimi nitaishije kwenye nyumba hii?"

Wenzangu, nikaangalia. Huku mwisho wangu wa hadithi, nimeulalia msimu mzima. Huku ni binti yangu. Na mchana ulikuwa bado, uwanjani hakuna hata mganda uliotandazwa.

Nikaweka mikono juu ya mdomo wa kihenge, kama padre kwenye mimbari. Nikawaambia.

Nikawaambia muuaji wa Mzee Baiskeli ni shemeji yake, yule aliyekuwa anamletea samaki. Na hakutokea popote. Wala mlango hakuupita. Alifunga komeo mwenyewe, akaingia kwenye kihenge cha marehemu, akajifunika ungo, akakaa. Asubuhi watu wakavunja mlango, nyumba ikajaa waliaji, na kwenye msiba nani anahesabu watu? Akatoka polepole katikati yao, na mpunga kichwani, akaanza kulia. Alilia kuliko mjane. Ndiyo maana, nikawakumbusha, siku ile ya mazishi niliwaambia shemeji alikuwa anajikuna.

Hata Petro kashusha panga. Mama mmoja akashika mdomo, akasema kweli, alikuwa anajikuna. Nikasikia kule nje, nyuma ya ukuta, mkwe wangu anasema, "Eee!"

Sijawahi kusimulia vizuri hivyo maishani. Na nimesimulia na shimizi.

Lile neno la mlangoni likafa palepale. Yustina akatua ndoo, akaanza kucheka na kulia pamoja. Wakanishika wanne wanivute. Wanavuta mikono, mikono inakuja, mimi sikuji. Petro akataka kusaidia, wanawake wakamfukuza. Mwisho mkwe mwenyewe akasema kule nje, kwa heshima zote, jamani pasueni kihenge.

Kihenge chake kizuri. Felista akachukua panga akapasua chini, na mpunga ukatoka kama mto, na mimi ndani yake. Nilitoka nimekaa. Nikateleza mpaka mlangoni, nikaishia kwenye miguu ya mkwe wangu, aliyekuwa amesogea hapo. Maskini alikuwa amefunika uso kwa kofia. Akasema tena shikamoo. Nikaitika tena. Kesho nitampelekea yule jogoo wangu, labda ipo siku ataweza kunitazama.

Nikajifunga kanga. Nikafikiri yameisha. Nilikuwa nimeshaanza hata kujisikia vizuri kidogo, maana watu walikuwa wananipongeza, wakati Felista alipopiga magoti kuzoa mpunga na kusema, bila hata kunitazama:

"Alitokaje?"

"Nani?"

"Shemeji. Kwenye kihenge. Wewe umeshindwa, tumekutoa kwa panga. Yeye mnene kama wewe, ulisema mwenyewe uwanjani. Nani alimpasulia, na watu wamejaa ndani?"

Nikafungua mdomo. Nikatema punje ya mpunga.

Mkwe wangu akakohoa ndani ya kofia. "Mama, labda alikuwa na mwenzake."

"Mwenzake yupi?" akasema Felista. Basi, wakaanza. Mmoja anasema ni mjane. Mwingine anarudi kwenye mke mdogo wake. Petro anataka iwe mgambo aliyehongwa. Wamekaa chini kwenye mpunga wa watu, wanazoa na kubishana. Mtunzi nimesimama pale natoa pumba masikioni, hakuna anayeniuliza hata kama nimeumia.

Hata uwanjani leo hatukwenda. Wamesema kesho mchana, na nije na jibu, la sivyo redio ya mwenyekiti ipo.

Nimechoka, wenzangu. Nimechoka mpaka kwenye kucha. Msinicheke, nifikirieni. Kama kuna mmoja wenu anajua mahali pa kumficha mtu mzima, aniambie. Ila safari hii aingie yeye kwanza. Na atoke.